Fungu la binti: Kadhi, Katiba na kodi ya Eastleigh

SWALI: Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Pangani. Baba yetu alifariki miezi 14 iliyopita. Ameacha mama, kaka zangu wawili na sisi mabinti watatu. Mali ni jumba la vyumba 20 vya kupangisha Eastleigh, kodi 7,000 kwa kila chumba, gari moja la mizigo na akiba ya SACCO. Kaka mkubwa ndiye anayekusanya kodi. Nikimuuliza anasema dini imetupa nusu na tutapewa siku tukikaa. Pia ameanza kutaja karatasi ambayo eti baba aliandika akiwa hospitalini, kwamba jumba ni la wanaume. Kazini naambiwa niende Mahakama Kuu kwa sababu Katiba inasema tugawane sawa. Kuna pia mtoto wa kiume wa miaka 9 huko Kayole ambaye baba alikuwa akimlipia karo. Mama yake ni Mkristo na hawakuoana. Je, nikidai usawa nitakuwa nimetoka kwenye dini? Na kweli Uislamu na haki za binadamu vinaweza kukaa nyumba moja?

JIBU:

Dada, pole kwa msiba, na pole kwa miezi 14 ya kuambiwa "tukikaa".

Nianze na hesabu. Kwa sasa mweke kando mtoto wa Kayole, nitamrudia. Mama yako ni mjane wa mume aliyeacha watoto, kwa hiyo fungu lake ni thumni, 1/8. Zinazobaki ni 7/8, na hizo ni za watoto, mwana wa kiume mafungu mawili na binti moja. Kaka wawili ni mafungu manne, mabinti watatu ni mafungu matatu, jumla saba. Mali yenu basi inakatika sawasawa kwa nane bila sehemu ndogondogo za kusumbua: mama moja, kila binti moja, kila kaka mbili.

Sasa rudia maneno ya kaka yako. "Dini imewapa nusu." Amesema kweli kuliko anavyojua. Mama na mabinti watatu mkijumlishwa mna mafungu manne kati ya nane, yaani vyumba 10 kati ya 20. Lako wewe peke yako ni vyumba viwili na nusu, na si la kupewa siku mtakayokaa. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, haki ya mrithi kwenye mali inaanza pale roho ya marehemu inapotoka. Kugawana ni kutenganisha tu kilicho cha kila mmoja. Ndiyo maana kodi iliyoingia baada ya mazishi si ya anayeikusanya. Vyumba 20 kwa 7,000 ni 140,000 kwa mwezi. Kwa miezi 14 ni 1,960,000. Tuseme maji, rangi, mabomba na ada za kaunti vimekula 260,000, na kaka ana risiti. Zimebaki 1,700,000. Fungu lako ni shilingi 212,500, na la mama ni hizo hizo. Asiyeweza kuonyesha risiti hawezi kukata gharama.

Utaona bado sijagusa Katiba. Sababu ni kwamba malalamiko mengi ya mirathi ya wanawake wa Kiislamu hapa Nairobi hayajafika hata mahali ambapo Kurani na Katiba vinatofautiana. Mwanamke anadai kile ambacho vyote viwili vimempa, na aliyekishika anajifunika kwa dini. Sura An-Nisaa, aya ya 7, inasema wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, na wanawake wana fungu, kiwe kidogo au kingi, fungu lililofaradhishwa. Mke wa Saad bin Rabii alikwenda kwa Mtume (SAW) akiwa na mabinti zake wawili, ami yao akiwa amechukua kila kitu baada ya baba kuuawa katika vita vya Uhud. Ami aliamriwa awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na yeye achukue kilichosalia. Kesi yenu ni dada mdogo wa kesi hiyo.

Kabla ya mafungu kuna mambo manne ambayo lazima yatoke kwanza, na hapa ndipo familia nyingi huteleza.

La kwanza ni kujua mali ya marehemu ni ipi. Jina kwenye hati si mwisho wa maneno. Kama mama yako alitoa pesa za duka lake kujenga ghorofa ya pili, hiyo ni mali yake, haiingii kwenye mirathi hata kidogo. Anaitoa kwanza, kisha anachukua thumni yake katika kilichobaki. Katika Uislamu mume na mke hawaunganishi mali kwa kuoana. Mwanamke wa Kiislamu alikuwa na mali yake mwenyewe ndani ya ndoa tangu karne ya 7, wakati Uingereza ilifika huko kwa sheria ya 1882. Lakini ushahidi unahitajika: taarifa za benki, risiti za vifaa vya ujenzi, daftari la chama, fundi aliyelipwa na yeye. Mtafute fundi huyo angali hai.

La pili ni gharama za mazishi, na hilo nadhani mlishalipa.

La tatu ni madeni, na deni linalosahauliwa kuliko yote ni mahari. Chukua cheti cha ndoa cha mama, tazama mahari iliyotajwa na kama sehemu yake iliachwa kuwa deni. Ikiwa haikulipwa, mama ni mdai wa mirathi kabla hajawa mrithi. Zaka ambayo baba hakutoa ni deni pia. Na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani na kwa Wasomali, hija aliyoiweza asiifanye nayo hulipiwa kutoka kwenye mali yake.

La nne ni wasia. Hauzidi theluthi, na haumwendei mrithi ila warithi wengine wakiridhia.

Hapo inaingia karatasi ya hospitalini. Uliza maswali matatu. Iliandikwa lini? Zawadi aliyoitoa mtu akiwa katika ugonjwa wa mauti inahesabiwa kama wasia: haivuki theluthi, na kwa kuwa kaka zako ni warithi, haipiti bila ridhaa yenu. Alikabidhi? Hiba, yaani zawadi ya mtu angali hai, hukamilika kwa kukabidhi. Ikiwa baba aliendelea kupokea kodi mpaka anafariki, na mita ya stima na hati vikabaki kwa jina lake, basi hata karatasi ingekuwa ya miaka kumi nyuma ina kasoro kubwa. Nani alishuhudia? Na hata hiba iliyo sahihi kisheria ina doa kidini ikipendelea. Nuuman bin Bashir alipopewa zawadi na baba yake peke yake, Mtume alikataa kuishuhudia na akaamuru uadilifu baina ya watoto.

Akiba ya SACCO ina mambo yake. Chama kitamlipa aliyeandikwa kwenye fomu ya mteule, bila kusubiri mirathi. Kisharia, wanazuoni wengi wanamwona mteule kuwa amini anayepokea kwa niaba ya warithi. Kwa hiyo kaka aliyetajwa anaweza kulipwa kihalali na bado akawa na deni kwenu.

Sasa Katiba. Marafiki zako wa kazini wamesoma ibara ya 27, inayosema wanawake na wanaume ni sawa mbele ya sheria. Hawakufika ibara ya 24(4). Hiyo inasema masharti ya usawa yatapunguzwa, kwa kadiri ile tu inayohitajika kwa lazima, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Mahakama za Kadhi kwa Waislamu katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ibara ya 170 nayo inaweka mipaka ya Kadhi: mambo hayo manne pekee, wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali mamlaka ya mahakama hiyo. Wakenya walizipigia kura ibara hizi tarehe 4 Agosti 2010 baada ya kampeni kali, makanisa mengi yakizipinga.

Juu ya hapo ipo Sheria ya Urithi, sura ya 160. Tangu marekebisho ya 1990 kifungu cha 2(3) kinasema mali ya mtu aliyekufa akiwa Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Kifungu hicho kinamtazama marehemu. Hakitazami umeingia mlango wa mahakama gani. Mahakama ya Rufaa ilishaeleza kwamba Mahakama Kuu ina mamlaka juu ya mirathi ya Mwislamu, lakini ikiisikiliza itatumia sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo ukipanda Mahakama Kuu ya Milimani ukitarajia kugawiwa sawa kwa sawa na kaka zako kwa sababu tu umemkwepa Kadhi, utarudi umevunjika moyo na umelipa wakili. Wapo mawakili wanaojenga hoja kwamba 24(4) inataja "mbele ya Mahakama za Kadhi" na hivyo kwingineko usawa hauguswi. Ni hoja ya maana. Nisingeiwekea rehani vyumba viwili na nusu.

Hapo usielewe kwamba Kadhi ni mahali pa kuogopa. Watu wengi hawajui kifungu cha 6 cha Sheria ya Mahakama za Kadhi, sura ya 11: mashahidi wote watasikilizwa bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na jambo litaamuliwa kwa uzito wa ushahidi, si kwa idadi ya mashahidi. Ile hofu ya kwamba maneno yako mahakamani yatahesabiwa nusu, kwa sheria ya Kenya haina msingi. Usiporidhika na uamuzi, una rufaa Mahakama Kuu, ambako jaji husikiliza akikaa na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri.

Mtoto wa Kayole ndiye anayebadilisha mambo, na hapa sitakuficha kwamba mgongano ni wa kweli.

Kauli ya wengi katika fiqhi ni kuwa mtoto wa nje ya ndoa anarithi kwa mama yake na si kwa baba. Wapo waliosema vingine: Is-haq bin Rahawayh, na baadaye Ibn Taymiyya, waliona kwamba ikiwa mwanamke hana mume na mwanamume anamdai mtoto kuwa wake, nasaba inathibiti. Na hata katika kauli ya wengi, mtu akikiri "huyu ni mwanangu" bila kusema ametokana na zinaa, kukiri kwake kuna nguvu. Karo aliyolipa baba yenu, jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa, kumtambulisha kwa jamaa, vyote hivyo vina maana. Lakini kauli iliyozoeleka ni hiyo niliyoitaja mwanzo, na kaka zako wataishika.

Mwishoni mwa Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua jambo hili hili, katika kesi iliyotoka Mombasa. Mjane alitaka watoto wa mumewe waliozaliwa nje ya ndoa ya Kiislamu wasihesabiwe. Majaji walikataa. Walisema kupunguzwa kwa usawa kwenye ibara ya 24(4) kusomwe kwa wembamba, na kwamba kumnyima mtoto kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi wake ni ubaguzi usio na udhuru. Viongozi wengi wa Kiislamu waliipinga hukumu hiyo, wakisema mahakama imeingia ndani ya nasaba, mahali ambapo Katiba yenyewe iliwaachia Waislamu. Lakini mpaka ibadilishwe, inafunga mahakama zote za chini, za makadhi zikiwamo. Mtoto akihesabiwa kama mwana, mafungu yanapanda hadi 72: mama 9, kila binti 7, kila mwana wa kiume 14. Fungu lako linashuka kutoka vyumba viwili na nusu hadi karibu viwili.

Nakuambia hivi mapema kwa sababu kuna kishawishi cha kumnyamazia. Usimnyamazie. Mama yake, ambaye ndiye atakayesimama kwa niaba yake, si Mwislamu, kwa hiyo sharti la wahusika wote kuwa Waislamu linaleta shida mbele ya Kadhi. Mkimficha mkapata hati ya usimamizi wa mirathi, kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinaruhusu hati hiyo kufutwa kwa kuficha jambo la msingi, hata miaka baadaye, mkiwa mmeshauza. Na kama hukumu ile inakukereketa kidini, kumbuka aya ya 8 ya An-Nisaa, inayokuja mara baada ya ile ya haki ya wanawake: wakihudhuria mgawanyo jamaa wasiorithi, mayatima na maskini, wapeni kitu na mseme nao kwa wema. Kumpa kitu kunaruhusiwa na kila madhehebu.

Sasa swali lako kubwa. Nitalijibu kwa ufupi kuliko unavyotarajia, kwa sababu linapigiwa debe kuliko uzito wake.

Tangazo la Haki za Binadamu lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, nchi 8 zikijizuia. Saudia ilijizuia, hasa kwa sababu ya haki sawa katika ndoa na uhuru wa kubadili dini. Lakini Pakistan, Misri, Iran, Iraki, Syria, Uturuki na Afghanistan zilipiga kura ya ndiyo, na mwakilishi wa Pakistan, Zafrulla Khan, aliutetea uhuru wa dini kwa hoja za Kurani. Kwa hiyo anayekuambia haki za binadamu ziliandikwa Waislamu wakiwa wamelala hajasoma kumbukumbu. Anayekuambia hakuna tofauti yoyote naye hajasoma Azimio la Cairo la 1990, tamko la nchi za Kiislamu kuhusu haki za binadamu, ambalo ibara zake za 24 na 25 zinaweka haki zote chini ya sharia, bila kusema sharia ya madhehebu gani wala kwa tafsiri ya nani. Udhaifu wa azimio lile uko hapo hapo. Maisha, mali, heshima, haki ya kusikilizwa, kutoteswa: katika hayo Hotuba ya Kuaga ya Mtume inasema damu zenu, mali zenu na heshima zenu ni haramu baina yenu, na hakuna mwanasheria wa Geneva atakayelalamika. Tofauti imebaki kwenye maeneo machache yanayojulikana: mafungu ya mirathi, talaka, nasaba, kutoka katika dini. Kenya iliridhia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1984, na mbili kwa moja haiwezi kuitwa usawa kwa lugha ya mkataba ule. Tukubali hivyo tuendelee.

Utasikia kwamba kaka anapewa mara mbili kwa sababu analisha dada zake. Ni hoja ya mimbari na ina tundu. Kwa Mashafi, nafaqa ya lazima kwa jamaa, yaani matumizi ya kuwalisha na kuwatunza, ni ya wazazi kwenda juu na watoto kwenda chini. Kaka halazimiki kumlisha dada. Ni Mahanafi walioipanua hadi ndugu wa karibu wenye dhiki. Alicho nacho kaka kwa uhakika ni mahari na nafaqa ya mke na watoto wake, na hiyo ndiyo sababu wanayoitaja wanazuoni makini. Mtu asikuuzie zaidi ya hapo. Na anayesema kaka analisha dada, huku dada anaishi Pangani kwa mshahara wake na kaka anakula kodi yake, tumemsikia.

Palipo na ufunguo, kwa maoni yangu, ni kwenye ridhaa. Tunisia ilijaribu njia ya sheria: mswada wa usawa wa mirathi uliidhinishwa na baraza la mawaziri Novemba 2018, Rais Essebsi akafariki Julai 2019, na haukupita bungeni. Ugiriki kulitokea kinyume chake. Mwislamu wa jimbo la Thrace aliandika wasia wa kiraia kumwachia mkewe kila kitu; mahakama za huko zikambatilishia kwa jina la sharia; na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema tarehe 19 Desemba 2018 kwamba kumlazimisha mtu sheria ya dini ambayo hakuichagua ni ubaguzi. Ibara yetu ya 170 ina neno hilo hilo la kukubali mamlaka.

Kwa hiyo, je, ukidai usawa umetoka kwenye dini? Kwenda mahakamani hakumtoi mtu katika dini, iwe ya Kadhi au Mahakama Kuu. Kuchukua zaidi ya fungu lako bila ridhaa ya wenzako ni jambo ambalo wanazuoni walio wengi hawalihalalishi, na sikupi fatwa tofauti. Lakini usawa una mlango ndani ya fiqhi yenyewe. Warithi watu wazima, kila mmoja akishajua fungu lake, wanaweza kwa hiari kuachiana mpaka wakalingana. Masharti ni mawili: mafungu yajulikane kwanza, na fungu la mtoto wa miaka 9 lisiguswe, maana hana idhini ya kutoa. Mlango huo huo hutumiwa vibaya: mabinti huitwa siku ya arobaini, machozi hayajakauka, wakatiwe karatasi ya "tumesamehe". Kusamehe usichokijua kiasi chake si kusamehe. Usitie sahihi yoyote kabla ya orodha ya mali na thamani yake kuwa mezani.

Utaratibu wenyewe sasa.

Pata cheti cha kifo, si kibali cha mazishi. Fanya upekuzi rasmi wa hati ya jumba kwenye daftari la ardhi. Kwa ardhi za Nairobi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni. Unataka kujua jina lililopo, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna uhamisho uliofanyika tangu baba afe. Ukiona dalili ya kuuzwa, wakili aweke zuio kwenye hati kabla ya barua nyingine yoyote.

Kisha barua ya chifu inayotaja warithi. Makosa mengi huzaliwa hapa. Chifu huandika majina aliyopelekewa, na ukimwachia kaka, utakuta familia ya watu watatu. Nenda mwenyewe na mama, na vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya mabinti wote. Hakikisha majina ni yale yale kwenye kila karatasi. "Fatma" huku na "Fatuma" kule hugharimu hati ya kiapo na wiki kadhaa.

Kwa sababu ya mtoto wa Kayole, ningefungua shauri Mahakama Kuu, kitengo cha familia, na kuomba mafungu yapangwe kwa sheria ya Kiislamu. Ikiwa kaka zako wameshafungua kwa Kadhi, pinga mamlaka siku ya kwanza na kwa maandishi. Ukihudhuria mara tatu ukijibu hoja ndipo ukumbuke kupinga, huenda ukahesabiwa umekubali. Kwa kuwa kuna fungu la mtoto mdogo, kifungu cha 58 kinataka wasimamizi wasiopungua wawili, na kifungu cha 56 hakiruhusu zaidi ya wanne. Omba wewe au dada yako awe mmoja wao. Wakikuambia mwanamke hasimamii mirathi, waambie Umar bin Khattab alimwachia usia wake binti yake Hafsa.

Mpaka hati itoke, hakuna aliye msimamizi, kaka mkubwa akiwamo. Kifungu cha 45 kinasema anayejiingiza kwenye mali ya marehemu bila mamlaka anatenda kosa: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote, na atatoa hesabu kwa warithi. Faini ni ya kuchekesha kwa jumba la Eastleigh. Hesabu ndiyo yenye meno. Sehemu ya sheria hiyo inayohusu usimamizi inatumika kwa Waislamu pia pale isipopingana na sharia, na hakuna sharia inayopinga kutoa hesabu.

Huna pesa ya wakili? FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, na shirika la Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Nairobi, na ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Beba nakala, acha asili nyumbani.

Na kabla ya yote hayo, juma hili, mwone mlinzi wa jumba. Kwa kawaida ndiye mwenye daftari la kodi: chumba namba ngapi, nani, amelipa lini, kwa namba gani ya simu. Piga picha kila ukurasa kuanzia mwezi aliofariki baba, tarehe zionekane. Madaftari hayo hupotea siku moja baada ya barua ya kwanza ya wakili kufika.